Busta ya batri ya gari: maswali mnayotuuliza kila mara hapa Lubumbashi

Juni ikiingia, simu zinaanza kulia kabla hatujafungua mlango wa duka. Gari limegoma, batri imekufa, watoto wanachelewa masomo. Siku hizi wengi wana busta, kile kisanduku kidogo cha kuwashia gari bila kwenda kugonga kwa jirani saa kumi na mbili asubuhi. Lakini wengi pia wanakiua kisanduku chenyewe kabla mwaka haujaisha, au wanakitumia kila asubuhi huku ugonjwa wenyewe ukiendelea chini ya boneti. Haya hapa majibu, kwa mpangilio tunavyoulizwa.

Busta ina tofauti gani na chaja?

Busta inatoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Chaja inatoa umeme kidogo kwa saa nyingi. Starta ya gari dogo la petroli huvuta ampea mia moja na kitu, mia mbili. Ya dizeli kubwa huweza kupita mia nne pale injini inapoanza kuzunguka. Batri iliyochoka haiwezi kutoa umeme huo, basi busta inaibeba kwa muda huo mfupi.

Injini ikishanguruma, kazi ya busta imekwisha. Batri yako bado ni tupu vilevile. Tunalisema mapema kwa sababu nusu ya malalamiko tunayopokea yanatoka hapa: mtu anawasha kwa busta, anaendesha mpaka sokoni, anazima, gari linagoma tena, kisha anakuja na hasira kwamba busta ni feki. Busta yake ni nzima.

Volti ngapi ndiyo batri nzima?

Batri ya gari ya volti 12 ina seli 6. Ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa, kipima volti kinasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 11.9, ihesabu kuwa tupu. Kipima volti kidogo cha bei nafuu kinakusaidia kuliko maneno ya mafundi watatu, sisi tukiwemo.

Kwa nini batri zinakufa Juni na Julai? Hapa si Ulaya.

Si Ulaya, lakini Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Batri ya risasi na tindikali inafanya kazi kwa kemia, na kemia hiyo hupungua kasi kwenye baridi. Wakati huohuo oili ya injini inakuwa nzito, kwa hiyo starta inaomba umeme zaidi kutoka kwa batri ambayo ina uwezo mdogo zaidi.

Batri nzuri inavumilia hayo bila shida. Inayoanguka ni ile iliyokwisha kuumia zamani, na mara nyingi iliumia Oktoba, wakati joto linapasua kichwa kabla mvua haijaanza. Joto ndilo linalokausha maji ya batri na kuharakisha kutu kwenye sahani za ndani. Mtu hasikii chochote, gari linawaka vizuri kwa miezi, halafu asubuhi moja ya Juni inasikika «tik-tik-tik» tu. Basi anailaumu baridi.

Ninunue busta ya ukubwa gani?

Angalia injini, usiangalie ukubwa wa gari. Kwa Vitz, IST na Corolla za petroli, busta inayoandikwa ampea 500 au 600 za kilele inatosha. RAV4, Noah na Hiace za petroli, nenda kwenye 800 mpaka 1,000. Hilux, Prado na Land Cruiser za dizeli, usishuke chini ya 1,500, na 2,000 ni bora, maana dizeli hubana hewa kwa nguvu zaidi na buji zake za kupasha joto nazo zinakula umeme kabla starta haijagusa.

Hizo ni namba za kukadiria, na kuna sababu. «Ampea za kilele» ni umeme unaotoka kwa punje ya sekunde, na kila kiwanda kinaupima kinavyopenda. Busta mbili zilizoandikwa 1,000 zinaweza kutofautiana sana. Kama kwenye boksi wameandika pia ampea za kuwashia, ile namba ndogo zaidi, linganisha hiyo. Ambapo wameandika namba moja tu, kubwa, kwa herufi za dhahabu, hapo shika pesa yako vizuri.

Nitajuaje kama ni feki?

Tafuta wati-saa, yaani Wh. Namba ya mAh (miliampea-saa) peke yake inadanganya kirahisi. Hesabu yake ni hii: 20,000 mAh za seli za lithiamu za volti 3.7 ni wati-saa 74. Kama boksi linasema 20,000 mAh halafu pembeni wameandika 30 Wh, moja kati ya hizo ni uongo, na si ile ndogo.

Pima na uzito mkononi. Seli za wati-saa 74 peke yake zina uzito wa karibu nusu kilo, bado plastiki na saketi. Busta inayodai hayo na ni nyepesi kuliko simu yako, irudishe mezani.

Kisha angalia waya. Waya wa vibanio unatakiwa uwe mnene na mfupi. Ukiwa mwembamba unapata moto na kula volti njiani, hata kama kisanduku chenyewe ni kizuri. Bana kile kibanio kwa vidole: springi iwe ngumu, na meno yote mawili yawe ya shaba, siyo bati lililopakwa rangi ya shaba. Kwa zile za bei ya chini unakuta jino moja tu limeungwa na waya na lile jingine ni pambo.

Kuna za lithiamu za kawaida na kuna za LFP. Nichague ipi?

Nyingi zilizopo sokoni ni za lithiamu yenye kobalti. Ni ndogo, zina nguvu, zinaingia kwenye mfuko wa mlango wa gari. (Na ndiyo, huenda kobalti hiyo ilitoka upande wa Kolwezi, ikapita mpaka wa Kasumbalesa kwenye lori, ikazunguka dunia, ikarudi kwetu ndani ya boksi kwa bei ya dola. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na busta tunaagiza.)

LFP, yaani lithiamu ya chuma na fosfati, haina kobalti kabisa. Ni nzito kidogo kwa nguvu ileile, lakini inavumilia joto zaidi, inadumu mizunguko mingi zaidi ya kuchaji, na ni ngumu kuwaka moto. Kwa mtu ambaye gari lake linakaa juani kutwa nzima, ukiipata kwa bei unayoiweza, chukua hiyo.

Kuna na aina ya tatu isiyo na batri ndani, ya kapasita. Inanyonya kile kidogo kilichobaki kwenye batri yako iliyochoka, inakikusanya kwa dakika chache, kisha inakitoa chote kwa mpigo. Inafaa kwa msahaulifu, maana haihitaji kuchajiwa nyumbani. Ila batri yako ikiwa imekauka kabisa, nayo haina cha kukusanya, mpaka uichaji kwa chaja ya simu au chanzo kingine.

Naunganishaje, hatua kwa hatua?

Zima kila kitu kwanza: taa, redio, feni, chaja ya simu. Gia iwe P au huru, breki ya mkono juu. Angalia busta ina chaji kiasi gani. Ikiwa chini ya nusu, kwa dizeli usijisumbue.

Sasa fungua boneti na uitazame batri kabla ya kuigusa. Imepasuka? Imevimba? Inavuja? Inanuka yai bovu? Yoyote kati ya hayo, acha hapohapo, batri hiyo haiwashwi kwa busta. Kama ni safi, tafuta alama ya jumlisha (+) kwenye plastiki ya batri yenyewe. Usiamini rangi ya waya wa gari. Magari yetu yamepita mikononi mwa mafundi wengi, na tumekutana na Corolla ambayo waya zote mbili ni nyekundu kwa sababu siku hiyo ndiyo rangi iliyokuwepo dukani.

Ule unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya batri uondoe. Kibanio kikikaa juu ya unga, umeme haupiti.

Kibanio chekundu kwenye chanya. Kisha cheusi: batri ya gari nyingi unaweza kukiweka kwenye hasi, lakini mahali salama zaidi ni kwenye masi, yaani chuma kitupu cha injini, kisicho na rangi, mbali kidogo na batri. Sababu yake ni hewa ya haidrojeni inayotoka kwenye batri ya risasi. Ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua, na pamoja nayo tindikali inaruka usoni. Hatusemi hivyo kuwatisha. Ni sababu hiyohiyo inayotufanya tukataze sigara karibu na boneti.

Vibanio vikishakaa, ndipo uchomeke ile plagi nene kwenye busta, uisukume mpaka mwisho. Taa ya kijani ikiwaka, ingia uwashe. Sekunde 3, zisizidi 5. Ikikataa, subiri nusu dakika mpaka dakika moja, ujaribu tena. Baada ya mara tatu acha, soma swali linalofuata hapa chini, kwa sababu tatizo si umeme tena au umeme haufiki.

Gari likiwaka, toa plagi kwenye busta kwanza, halafu kibanio cheusi, halafu chekundu. Fanya ndani ya nusu dakika. Altaneta, ile mashine inayochaji batri injini ikizunguka, ikianza kusukuma volti 14 na zaidi, busta iliyobaki imeunganishwa inaweza kuumia. Vibanio visigusane wala kugusa chuma wakati plagi bado iko ndani. Na kama kitabu cha busta yako kinasema mpangilio tofauti na huu, fuata kitabu, aliyeitengeneza anaijua.

Nimeunganisha, starta haizunguki au injini haiwaki. Nini?

Sikiliza. Sauti inasema mengi kuliko taa.

«Tik-tik-tik-tik» ya haraka: umeme upo lakini ni mdogo. Sogeza vibanio, vizungushe kidogo vichimbe mpaka kwenye risasi safi, hakikisha plagi imeingia mpaka mwisho, kisha acha busta imeunganishwa dakika mbili tatu kabla ya kujaribu tena, ili batri yako ipate angalau kidogo. Batri yenye seli iliyokatika ndani inaweza kuunyonya umeme wote wa busta usibaki wa starta.

«Tak» moja tu, kisha kimya, na taa za dashbodi zinabaki kali: hapo tazama starta yenyewe au nyaya zake. Wazee wanagonga starta kwa mpini wa nyundo, polepole, na mara nyingine inaamka. Ikiamka, usifurahi, umepewa siku chache za kutafuta fundi.

Kimya kabisa, taa za dashbodi hazipo: kichwa cha batri kimelegea au fyuzi kubwa imekatika. Shika kile kichwa ukizungushe kwa mkono. Kikizunguka, umeshapata. Tumefika nyumbani kwa watu Ruashi na Kampemba na busta, funguo na kila kitu, na kazi ikawa ni spana namba 10 na dakika moja.

Kimya kabisa, lakini taa zote zinawaka vizuri: angalia gia. Gari la automatiki ambalo gia haijakaa P au N halizungushi starta. Angalia pia taa ya ufunguo kwenye dashbodi; ikiwa inamulika, gari halikutambui, na hata ulete busta kumi.

Starta inazunguka kwa nguvu, injini haishiki: rudisha busta kwenye mfuko wake. Hapo tatizo ni mafuta, buji, pampu au kitu cha aina hiyo. Kuendelea kuzungusha ni kuua batri iliyokuwa bado nzima.

Taa nyekundu inawaka na busta inapiga alamu.

Umegeuza waya. Chanya na hasi zimebadilishana. Toa plagi, anza upya. Kinga hiyo ndiyo iliyookoa kompyuta ya gari lako.

Busta haiwashi taa yoyote, kana kwamba haijaunganishwa. Ile batani ya nguvu ni ya nini?

Saketi ya kwenye waya hupima volti za batri kabla ya kufungua njia. Batri ikiwa imekauka kabisa, volti ni chache mno na saketi inadhani hakuna kitu. Batani hiyo, ambayo kwenye busta nyingi unaishikilia sekunde kadhaa, inailazimisha ifungue njia hata hivyo.

Na hapo ndipo pa hatari. Kwenye busta nyingi, ukibonyeza batani hiyo kinga ya kugeuza waya inazimika. Ukiwa umekosea chanya na hasi, hakuna alamu itakayokuambia. Utaambiwa na moshi. Kabla ya kuigusa, tazama alama ya jumlisha mara ya pili, kwa tochi, hata kama unaona umeshaitazama.

Gari limewaka. Niendeshe muda gani kabla ya kuzima?

Nusu saa ni kidogo kabisa, na isiwe nusu saa ya kukaa kwenye foleni na taa, feni na redio vimewashwa. Mwendo wa kutoka mjini mpaka Kasumbalesa, kilomita 90 na kitu, unairudishia batri kiasi cha maana, lakini haijazi iliyokuwa imekauka. Kuijaza vizuri unahitaji chaja ya ukutani, usiku mzima, na umeme uwepo usiku mzima. Tunajua.

Jambo moja tunaliomba sana. Kuna mafundi ambao, injini ikiwa inazunguka, wanachomoa kichwa cha batri ili «kupima altaneta». Gari likiendelea kunguruma, wanasema altaneta ni nzima. Kwenye gari za zamani ilipita. Kwenye gari lenye kompyuta, volti huruka juu ghafla pale batri inapotoka, na kompyuta, redio au altaneta yenyewe inaweza kufa papo hapo. Papa, mama, yeyote yule akisogea na spana hiyo huku injini inawaka, mzuie kwa heshima. Altaneta inapimwa kwa kipima volti juu ya vichwa vya batri: injini ikizunguka, kati ya 13.8 na 14.5 ni sawa kwa magari mengi. Ikibaki 12 na kushuka, haichaji. Ikipita 15, inaichemsha batri.

Kila asubuhi lazima niwashe kwa busta. Ni kawaida?

Hapana. Kuna mambo matatu tu, na yanapimika.

La kwanza, altaneta, kwa namna tuliyosema hapo juu. La pili, batri imezeeka. Ichaji mpaka ijae, iache saa kadhaa bila kuitumia, ipime: ikiwa imeshuka chini ya 12.4 yenyewe, haishiki tena. Kama ni batri yenye vifuniko, fungua uangalie maji. Yanatakiwa yafunike sahani kwa sentimita moja hivi. Yakipungua ongeza maji ya batri yaliyosafishwa, basi. Usiongeze tindikali, usiongeze maji ya bomba wala ya kisima. Madini yaliyomo yanaiharibu.

La tatu ndilo linalotusumbua sana hapa mjini: kitu kinakula umeme usiku. Gari lililozimwa na kufungwa huvuta kidogo kwa ajili ya saa na alamu, na miliampea 50 ni mpaka wa juu unaokubalika. Kwa kiwango hicho, batri ya ampea-saa 45 inafika nusu baada ya wiki mbili na nusu hivi gari likiwa limesimama. Sasa ongeza redio iliyofungwa na kijana wa barabarani ikaungwa moja kwa moja kwenye batri, jipiesi ya mwajiri, na taa ya buti isiyozimika kwa sababu buti haifungi vizuri. Inafika asubuhi imekufa. Fundi wa umeme anaweka kipimo katikati ya waya wa hasi na batri, anasubiri gari lilale, kisha anachomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Ni kazi ya uvumilivu, lakini ni rahisi kuliko kununua batri mpya ambayo nayo italiwa.

Busta yenyewe niitunzeje?

Ichaji mara tu baada ya kuitumia, usisubiri. Hata usipoitumia, ichaji kila baada ya miezi mitatu. Lithiamu iliyoachwa mpaka ikakauka inakufa moja kwa moja, na hiyo ndiyo namna busta nyingi zinavyorudi kwetu, safi kabisa, mpya, ndani ya plastiki yake, zimekufa. Mwenyewe aliiweka kwenye buti «kwa siku ya shida».

Usiichaji wakati huohuo ukiwasha nayo gari. Usiichaji juu ya godoro. Jenereta ndogo ambayo volti zake zinapanda na kushuka inaua adapta. Pitisha kwenye kidhibiti volti, au ichaji kwa sola kupitia USB. Ikitoka kuwasha gari ikiwa ya moto, iache ipoe kwanza.

Joto ni adui mkubwa zaidi. Gari lililofungwa kwenye jua la Oktoba linaweza kupita nyuzi 60 juu ya dashbodi, na hapo ndipo mwisho wa seli nyingi za lithiamu. Basi isikae kwenye dashbodi wala kwenye kiti. Chini ya kiti, ndani ya kitambaa, ni afadhali. Bora zaidi ni kwenye begi lako, iingie ndani na wewe jioni. Tunajua utaisahau siku moja nyumbani na siku hiyohiyo ndiyo gari litagoma. Hata hivyo.

Na vumbi letu jekundu: lile tundu la plagi nene lina kifuniko cha mpira, kifunge. Vumbi likiingia pale, mguso unakuwa mbovu na plagi inapata moto.

Naweza kuchaji simu nayo umeme ukikatika?

Unaweza, imetengenezwa na hilo. Ila jiwekee mpaka: ikifika nusu, simu itoke. Kwenye nyumba yenye vijana, mpaka huo haulindwi na mtu yeyote, kwa hiyo ifiche.

Lori langu ni la volti 24. Busta ya 12 itafaa?

Hapana, wala usifanye majaribio. Lori lina batri mbili za volti 12 zilizofuatana, jumla 24. Nunua busta iliyoandikwa 24, au yenye swichi ya 12/24, na uhakikishe swichi iko mahali pake kabla ya kuunganisha: kutia 24 kwenye Vitz ni kuizika.

Madereva wanaolala siku kadhaa kwenye foleni ya Kasumbalesa ndio wateja wetu wakubwa wa hizi. Redio, feni ya kabini, chaja za simu tatu, injini imezimwa ili kuokoa mafuta. Ushauri wetu kwao ni kusikiliza redio ndogo ya betri za kawaida.

Angalizo kwa wenye magari yaliyotoka Japani: Coaster na Canter nyingi ni za 24 ingawa si malori makubwa, na kuna Land Cruiser za dizeli za zamani zenye starta ya 24 huku taa na redio ni za 12. Ukikuta batri mbili chini ya boneti, usikisie. Zinaweza kuwa zimeungwa sambamba, bado ni 12, au zimefuatana. Pima.

Na pikipiki?

Manseba wengi, yaani madereva wa pikipiki za abiria, wana kiki, hawahitaji busta. Kwa pikipiki ya volti 12 isiyo na kiki, busta ndogo kabisa inatosha. Injini yake izimwe, vibanio visigusane, maana nafasi pale ni finyu.

Gari langu la automatiki, siwezi kulisukuma liwake?

Huwezi. Kusukuma kunafaa kwa gia za mkono tu: gia ya pili, klachi chini, watu wasukume, achia. Automatiki inahitaji pampu ya injini ili gia zishike, na injini imezimwa. Vijana watachoka bure na utawalipa hata hivyo.

Mimi nina Prius. Naweka wapi vibanio?

Prius nyingi zina batri ndogo ya volti 12 nyuma, upande wa buti, lakini chini ya boneti, ndani ya sanduku la fyuzi, kuna kichwa chekundu cha chanya kilichowekwa kwa kazi hii hasa. Chekundu hapo, cheusi kwenye chuma kitupu. Hata busta ndogo inatosha, kwa sababu haizungushi starta. Inaamsha kompyuta tu, na batri kubwa inafanya yaliyobaki. Nyaya nene za rangi ya chungwa usiziguse kabisa.

Tindikali imenirukia.

Maji safi mengi, papo hapo, dakika 15 na zaidi. Ikiwa ni machoni, osha hivyohivyo huku unatafuta gari la kukupeleka hospitali. Nguo iliyolowa ivuliwe.

Busta yangu imevimba.

Usiichaji tena hata mara moja, usiitoboe, usijaribu kuibana irudi. Itoe nje ya nyumba, iweke juu ya zege au mchanga, mbali na kitu kinachowaka. Ikianza kutoa moshi, ondoka, ukae upande upepo unakotoka, na wazuie watoto, moshi ule ni sumu. Ukilazimika kuzima, tumia maji mengi kwa mbali. Usiitupe kwenye jalala linalochomwa. Tuletee, au mpelekee anayekusanya vifaa vya umeme.

Batri ya zamani ya gari nayo isiuzwe kwa vijana wanaoyeyusha risasi uani kwa mkaa. Ile risasi inabaki kwenye udongo wanapochezea watoto.

Naweza kupanda nayo ndege Luano?

Mpaka wati-saa 100, kwa kawaida ndiyo, kwenye mzigo wa mkononi tu, kamwe si kwenye sanduku linalokwenda chini. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Ndiyo maana busta nyingi za kuuzia wasafiri zinaishia 27,000 mAh, ambazo ni wati-saa 99.9. Namba ya Wh iwe imeandikwa juu ya kisanduku chenyewe na isomeke. Ikiwa imefutika, mkaguzi ana haki ya kukunyang'anya, na boksi uliloliacha nyumbani halitakusaidia.